Kifuniko cha moto: Grashof inapanda, Nusselt inashuka. Kodi yangu inaumwa au ndivyo ilivyo?

#1 KashaMraba

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni macho yenu kabla sijaitupa hii kompyuta dirishani.

Nina kasha la mraba, la vipimo viwili. Ndani mna hewa, Prandtl (mwendo unavyotawanyika ukilinganisha na joto linavyotawanyika) 0.71. Ukuta wa juu ni kifuniko kinachotelezeshwa kwenda kulia kwa kasi isiyobadilika, na kifuniko hicho ndicho cha moto. Sakafu ni ya baridi na haisogei. Kuta za kushoto na kulia hazipitishi joto. Hakuna kinachoingia wala kutoka, ni hewa ile ile inaburutwa na kifuniko huku inapashwa juu na kupozwa chini. Kodi nimeiandika mwenyewe (ya kompyuta, si ya mapato), kwa mbinu ya hesabu ya SIMPLE ya Patankar na Spalding, gridi ya seli 80 kwa 80.

Nimeiacha Reynolds (nguvu ya mwendo dhidi ya mnato) kwenye 400, nikawa napandisha Grashof peke yake. Nusselt ya wastani kwenye kifuniko (joto linalopita, ukilinganisha na hewa ikiwa tuli) imetoka hivi:

Grashof 100, Nusselt 3.8
Grashof 10,000, Nusselt 3.6
Grashof 1,000,000, Nusselt 1.2

Mnaona balaa? Nilivyofundishwa, Grashof ni kipimo cha nguvu ya konveksheni ya asili (hewa kujisogeza yenyewe kwa joto na kulibeba), na konveksheni ikizidi joto linasafiri zaidi. Mimi naipandisha mara elfu kumi, Nusselt inaporomoka hadi theluthi.

Siku ya nne hii nasaka kosa. Jana usiku nikageuza ishara ya uvutano, penye kutoa nikaweka kujumlisha. Nusselt ikapaa, grafu ikakaa kama ya kitabuni. Nimeshawishika kuiacha hivyo hivyo, ila roho inanisuta.

#2 Haraka_Haraka

Mkuu umeshajijibu. Ishara ya uvutano ilikuwa imekosewa, umeirekebisha, mambo yamekaa sawa. Grashof juu, Nusselt juu, hilo halina mjadala. Funga uzi.

#3 MzeeWaGridi

Usifunge uzi. Na hiyo ishara irudishe ulikoitoa.

Kabla ya kuihukumu kodi kuna swali moja: moto uko wapi? Uko juu. Hewa ya moto ni nyepesi, na iko juu tayari, pale pale ambapo ingetaka kwenda. Ya baridi ni nzito na imelala sakafuni. Hakuna mwenye sababu ya kuhama. Ukipandisha Grashof hapo huongezi konveksheni, unaongeza ukaidi wa hewa dhidi ya yeyote anayetaka kuichanganya. Na anayetaka kuichanganya ni kifuniko chako.

Lifuate donge moja la hewa. Liko chini tu ya kifuniko, karibu na kona ya kushoto. Mnato unalinasa, linaburutwa kwenda kulia, njiani linaokota joto. Kwenye kona ya kulia linagonga ukuta, halina pa kwenda ila chini. Kwa Grashof 100 linateremka bila ubishi, linapita karibu na sakafu, linaacha joto lake huko, linapanda upande wa kushoto likiwa limepoa, linarudi kuokota jingine. Ni mzunguko mmoja mkubwa uliojaza kasha zima, na ndio uliokupa 3.8.

Sasa weka Grashof milioni 1. Donge ni lile lile, kona ni ile ile, msukumo ni ule ule. Lakini kila hatua linayoshuka linakutana na hewa nzito kuliko lenyewe. Umewahi kuzamisha mpira uliojaa upepo kwenye pipa la maji? Linashuka kidogo, nguvu zinaliishia, linarudi juu. Mzunguko mzima unabanwa chini ya kifuniko kama utando. Chini ya hapo hewa imejipanga tabaka juu ya tabaka, na joto linapenya taratibu kwa upitishaji, chembe ikimpa jirani yake.

Kumbuka Nusselt 1 maana yake ni kwamba hewa ingekuwa imesimama tuli, joto likapita lenyewe. Kwa hiyo 1.2 inasema purukushani yote ya kifuniko inaongeza asilimia 20 tu juu ya utulivu.

Tatizo lako hili hili walilipiga Iwatsu, Hyun na Kuwahara mwaka 1993. Kwa Reynolds 400 walipata 3.84, 3.62 na 1.22. Linganisha na zako. Kodi yako nzima kabisa.

#4 KashaMraba

Mzee shikamoo. Siku nne nzima, jamani.

Lakini sasa naomba unieleweshe. Ile usiku nilipogeuza ishara, nilikuwa natatua nini? Maana programu ilitulia vizuri, wala haikulalamika.

#5 MzeeWaGridi

Marahaba. Ulilipindua kasha, basi. Kugeuza uvutano ni sawa na kusimama kichwa chini: sakafu sasa ndiyo ya moto na ndiyo inayotembea, dari ndiyo ya baridi. Hewa nyepesi iko chini ya nzito, kila mtu anataka kuhama, na kifuniko kimepata msaidizi. Kwa tabaka pana lililo kati ya sahani mbili ngumu, hewa hukaa tuli mpaka Rayleigh ifike takriban 1,708, kisha huanza kujiviringisha yenyewe. Rayleigh ni Grashof mara Prandtl, kwa hiyo wewe ulikuwa na 710,000. Kuta za pembeni hukiinua kiasi hicho cha kuanzia, ila hazikiinui kufika huko. Lazima Nusselt ipae.

Ndiyo maana programu haikulalamika. Lilikuwa tatizo halali kabisa, ila la mtu mwingine.

#6 BintiHesabu

Nimefuatilia kimya kimya, naomba kuingia. Mzee umeongea habari ya ukaidi wa hewa dhidi ya kifuniko. Nani kashinda tunajuaje kabla ya kuwasha programu? Na hizi namba zote, Reynolds, Grashof, Rayleigh, huwa naziona kama majina ya mtaa. Nazikariri, lakini kwa mkono siwezi kuzishika.

#7 MzeeWaGridi

Swali zuri dada, ngoja tulishike kwa mkono kweli.

Anayeamua ni namba ya Richardson: Grashof ukiigawanya kwa mraba wa Reynolds. Ukiifungua, mnato unajikata wenyewe juu na chini, na kinachobaki ni uvutano, mara kiwango cha kutanuka kwa hewa, mara tofauti ya halijoto, mara urefu wa kasha, gawanya kwa mraba wa kasi ya kifuniko. Ule mkururo wa juu ukiutolea kipeuo cha pili unapata kasi. Ni kasi ya makadirio ambayo hewa ingeipata kwa joto peke yake bila kusukumwa na mtu. Kwa hiyo Richardson ni uwiano wa kasi mbili uliopigwa mraba, ya joto kwa ya kifuniko. Ikiwa ndogo sana kuliko 1 kifuniko kinatawala. Ikiwa kubwa sana kuliko 1 joto linatawala. Zikikaribiana, hapo ndipo kuna ugomvi, na huko ndiko wanakokuita konveksheni mseto.

Chukua kasha la sentimita 5 lenye hewa ya kawaida, kelvini 300. Kutanuka ni 1 kwa 300. Tofauti ya halijoto weka nyuzi 10. Piga 9.81 mara 10, gawanya kwa 300, zidisha kwa 0.05: unapata 0.0164. Kipeuo cha pili chake ni 0.128. Yaani mita 0.128 kwa sekunde, karibu sentimita 13. Kifuniko kikitembea sentimita 13 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayevuta droo bila haraka, Richardson ni 1. Mnato wa hewa wa kinematiki (mnato uliogawanywa kwa densiti) ni kama 0.000016, kwa hiyo Reynolds ni 400 na Grashof ni 160,000.

Jaza maji badala ya hewa, yaliyo kwenye nyuzi 20 hivi. Maji yanatanuka kidogo sana, kama 0.00021 kwa kila nyuzi. Rudia hesabu, kasi inatoka sentimita 3.2 tu kwa sekunde. Lakini mnato wa kinematiki wa maji ni mdogo kuliko wa hewa zaidi ya mara 15, kwa hiyo Richardson ikiwa 1 ile ile, Reynolds yako sasa ni kama 1,600. Kasha moja, tofauti ya halijoto moja, Richardson moja, ila ndani hali si moja hata kidogo.

#8 Haraka_Haraka

Sawa, nakubali pale juu nilikurupuka. Ila hii Richardson naona imemaliza mchezo. Kwa hiyo mtu anachora grafu moja tu, Nusselt kwa Richardson, anaenda kulala.

#9 BintiHesabu

@Haraka_Haraka hapana kaka, nimeenda kuliangalia jedwali la hao watu wa 1993. Reynolds 100 na Grashof 10,000, Richardson ni 1, Nusselt 1.34. Reynolds 1,000 na Grashof 1,000,000, Richardson bado ni 1, Nusselt 1.77. Moto juu kwenye zote mbili. Kama Richardson ingemaliza kila kitu, hizo mbili zingelingana.

#10 MzeeWaGridi

Umeniwahi. Richardson inasema nani kashika usukani, haisemi mzigo ni kiasi gani. Mzigo uulize kwa Péclet, yaani Reynolds mara Prandtl: giligili inabeba joto mara ngapi zaidi ya joto linavyopenya lenyewe. Kwenye mfano wako wa kwanza Péclet ni 71, wa pili 710. Ndiyo maana mtu akichapisha grafu ya Nusselt kwa Richardson bila kusema alibadilisha Reynolds au Grashof, mimi huwa siisomi. Kuna wanaobadilisha Richardson kwa kushusha Reynolds, halafu Nusselt ikishuka wanailaumu nguvu ya kuelea, kumbe ni kifuniko kimepunguza mwendo.

#11 KashaMraba

Naomba nipanue uzi kidogo maana ndiko ninakoelekea. Kuta za pembeni zikiwa ndizo zenye moto na baridi, nazo ndizo zinazotembea? Kushoto moto, kulia baridi, juu na chini hazipitishi joto.

#12 MzeeWaGridi

Huko ndiko utamu uliko. Kwa kuta za pembeni hewa haina utulivu hata chembe: ya moto inapanda kushoto, ya baridi inashuka kulia, mzunguko unazaliwa wenyewe kwa tofauti yoyote ya halijoto, hakuna cha kusubiri 1,708. Swali linakuwa kuta zinaenda upande gani.

Ukuta wa moto ukienda juu na wa baridi ukienda chini, kuta zinasukuma kule kule hewa inakotaka. Kila kitu kinajumlishana. Geuza: wa moto chini, wa baridi juu. Sasa utando mwembamba ulioshikana na ukuta unaburutwa chini, na hewa iliyopashwa pembeni yake inataka kupanda. Unaweza kuona tabaka mbili zinapishana ndani ya unene mdogo kabisa, moja inashuka na ukuta, jirani yake inapanda. Richardson ikikaribia 1 ramani ya mtiririko inavunjika vipande, visulisuli kadhaa ndani ya kasha moja, na Nusselt inaweza kushuka chini ya ile ya kuta zilizosimama. Kwa kifupi umelipia mota ili upate joto pungufu kuliko lile la bure.

Kuta zote mbili zikienda juu, ya moto inasaidiwa na ya baridi inapingwa. Mwendo wa kuta ukitawala unapata visulisuli viwili vinavyotazamana, kila kimoja na ukuta wake, na joto lazima livuke mpaka kati yao kwa kupenya. Oztop na Dagtekin walizichambua hali hizi tatu mwaka 2004, Richardson kutoka 0.01 hadi 100. Anza na hizo.

Na angalia: kwenye zote tatu Richardson inaweza kuwa ile ile. Haijui juu wala chini, wala haijui ukuta umeelekea wapi.

#13 FundiVioo

Wakuu msije mkadhani haya ni mambo ya kwenye kompyuta tu. Mimi nimefanya kazi kwenye kioo cha kuelea, ule mtindo uliotangazwa na kampuni ya Pilkington mwaka 1959. Kioo kilichoyeyuka kinamwagwa juu ya bati lililoyeyuka kikiwa na nyuzi kama 1,100, kinasafiri juu yake kikinyooka kwa uzito wake, kinatoka upande wa pili kikiwa na nyuzi kama 600, kigumu cha kutosha kuinuliwa na rola.

Sasa litazameni lile bati. Ni bwawa refu, limefungwa, kichwani moto, mkiani baridi, na juu yake kuna utepe wa kioo unaotembea saa 24. Utepe ndio kifuniko! Unaburuta bati la juu kuelekea mkiani, na kwa kuwa bati halina pa kutokea, linarudi kwa chini, likiwa limepoa, kuelekea kichwani. Tulikuwa na zamu moja kasi ya utepe ilipandishwa bila kugusa vipasha joto, na baada ya muda kioo kikaanza kuonyesha mawimbi. Bosi alimlaumu mtu wa vipasha joto. Hakuwa amegusa kitu. Hapo nilikuwa sijui Richardson ni nani, lakini nilijua bwawa limebadilika kwa sababu kifuniko kimebadilika.

#14 MzeeWaGridi

Fundi umeniletea mfano nitakaoutumia mpaka nistaafu. Ila ongeza jambo moja: bati ni metali. Prandtl yake ni sehemu chache tu za mia, iko chini ya 0.05, wakati hewa ni 0.71 na maji yako karibu na 7. Joto kwenye bati linapenya haraka kuliko mwendo unavyotawanyika. Kwa hiyo mistari ya halijoto haijikunji sana kufuata mzunguko, inapita katikati yake kama haiuoni, mpaka mwendo uwe mkubwa. Ukichukua picha ya hewa ukaibandika kwenye bati utapotea.

#15 BintiHesabu

Jamani na mimi nimeanza kuandika ya kwangu, Python. Nikaanza na rahisi kabisa: kasi ya kifuniko sifuri, uvutano sifuri, juu moto na chini baridi. Nusselt imekuja 0.5 kamili. Gridi 40 inatoa 0.5. Gridi 80 inatoa 0.5. Nifanyeje?

#16 KashaMraba

@BintiHesabu 0.5 kamili kwenye kila gridi ni habari njema, kosa lina mpangilio. Seli zako zinahifadhi halijoto katikati, sivyo? Basi kutoka ukutani hadi halijoto ya kwanza ni nusu ya seli, si seli nzima. Angalia umegawanya kwa nini.

#17 BintiHesabu

Dah. `(T_moto - T[-1,:])/dx`. Nimeweka `dx/2`, imetoka 1.0000. Asante kaka.

#18 MzeeWaGridi

Mmeona thamani ya kuanza na kasha lililolala? Na ishike hii: kwenye kasha lililofungwa, lenye ukuta mmoja wa moto na mmoja wa baridi na mingine haipitishi joto, mambo yakishatulia Nusselt ya wastani haiwezi kuwa chini ya 1. Haiwezi. Zidisha mlinganyo wa joto kwa halijoto yenyewe, jumlisha ndani ya kasha lote: kipande cha mwendo kinajifuta kwa sababu hakuna kinachovuka kuta, na Nusselt inabaki kuwa wastani wa mraba wa mteremko wa halijoto. Mraba huo ni mdogo kabisa pale mteremko unapokuwa mstari ulionyooka, na hapo ni 1. Kifuniko kiende kulia, kushoto, vyovyote. Ukiona 0.97, ni kodi.

La pili, Nusselt ya ukuta wa moto na ya ukuta wa baridi lazima zilingane. Zisipolingana hujatulia, usichapishe chochote.

Baada ya hapo kuna mitihani miwili ambayo kila kodi ya aina hii lazima ifanye. Zima joto, bakiza kifuniko, linganisha na namba za Ghia, Ghia na Shin, 1982. Kwa Reynolds 100, kwenye mstari wa wima wa katikati kasi ya kurudi nyuma kubwa kabisa ni 0.2109 ya kasi ya kifuniko, kwenye kimo cha 0.4531. Halafu zima kifuniko, bakiza joto la pembeni, linganisha na namba za de Vahl Davis, 1983, za hewa. Rayleigh 1,000 Nusselt 1.118, Rayleigh 10,000 ni 2.243, Rayleigh 100,000 ni 4.519, Rayleigh 1,000,000 ni 8.800. Mmoja unapima mwendo, mwingine unapima mshikamano wa mwendo na joto.

#19 KashaMraba

Mzee huu wa de Vahl Davis niliufanya juzi. Tatu za kwanza zilikaa sawa, ya milioni ilipotoka kwa gridi ya 40. Nilidhani ni kawaida.

#20 MzeeWaGridi

Si kawaida, ni gridi. Unene wa utando wa joto ukutani ni wa kiwango cha 1 gawanya kwa mzizi wa nne wa Rayleigh. Kwa milioni 1 unapata kama 0.03 ya upana wa kasha. Seli yako kwenye gridi ya 40 ni 0.025. Yaani jambo lote linalokupa Nusselt limekaa ndani ya seli moja na kipande. Zibane seli karibu na kuta, katikati ziachie zinenepe, huko hakuna kinachotokea.

Na kama ulitumia ule mpango wa daraja la kwanza, unaochukua thamani ya seli upande mwendo unakotoka, jua unaongeza mnato bandia. Reynolds 1,000 na seli 80: pale kasi inapokaribia ya kifuniko, mnato bandia unafika kama mara 6 ya mnato halisi. Unadhani unatatua Reynolds 1,000, kumbe kifuniko kinakoroga asali. Tumia mpango wa QUICK wa Leonard au chochote cha daraja la pili.

#21 Nyuzi4

Nimechelewa lakini mna mambo mawili hamjayagusa.

Kwanza, wote mnatumia kanuni ya Boussinesq: densiti haibadiliki popote isipokuwa pale inapokutana na uvutano. Nzuri, ila ina mipaka. Gray na Giorgini, 1976, walipima kwa hewa ya nyuzi 15 kwenye kanieneo ya kawaida wakakuta inakaa sawa kwa tofauti ya hadi nyuzi kama 28. Nimeshaona watu wanaitumia kwa tofauti ya nyuzi 300. Wanapata picha nzuri sana.

Pili, "ya moto ni nyepesi" si sheria ya ulimwengu. Maji yana densiti kubwa kabisa karibu na nyuzi 4. Weka kifuniko cha nyuzi 4 juu na sakafu ya nyuzi 0: ya moto ndiyo nzito! Hapo kasha la KashaMraba, na moto ukiwa juu, litapinduka lenyewe.

#22 Haraka_Haraka

Kwa hiyo hapo jibu langu la #2 lilikuwa sahihi 😄

#23 Nyuzi4

Kwa maji ya barafu, kaka. Yeye ana hewa.

#24 MzeeWaGridi

Nyuzi4 karibu sana, umetuokoa. Na mimi niongeze la kona, maana linaumiza wengi. Kifuniko kinatembea, ukuta wa pembeni umesimama, wanakutana kwenye nukta moja. Hiyo nukta ina kasi mbili kwa mpigo. Ukizidi kusaga gridi, msuguano pale unazidi kupanda bila kikomo. Kwa mzunguko wa ndani haidhuru sana. Ila mtu akiweka kifuniko cha moto na kuta za pembeni za baridi, zikigusana konani, halijoto nayo inaruka, na Nusselt ya wastani itapanda kila ukisaga gridi, milele, polepole kama logariti. Watu wanachapisha namba hiyo kana kwamba ni sifa ya kasha. Ni sifa ya gridi yao. KashaMraba wewe umepona kwa sababu kuta zako hazipitishi joto.

#25 BintiHesabu

Na uhalisia wa vipimo vitatu?

#26 MzeeWaGridi

Uzi mwingine huo. Kwa ufupi: Koseff na Street, 1984, walijaza kasha halisi maji, wakaendesha kifuniko, wakaona visulisuli vidogo vimepanga mstari kando ya sakafu, kitu ambacho hesabu ya vipimo viwili haiwezi kukionyesha kamwe. Chini ya Reynolds mia kadhaa usihangaike.

#27 KashaMraba

Nimerudi wakuu. Nimerudisha ishara ya uvutano, nimebana gridi kutani, nimepita Ghia, nimepita de Vahl Davis yote minne. Kisha nikarudia Grashof milioni, Reynolds 400, na safari hii badala ya kukodolea Nusselt nikachora halijoto kwenye mstari wa wima wa katikati. Nusu ya chini imenyooka karibu kama rula. Juu, karibu na kifuniko, ndipo inapojikunja. Ni kile kile Mzee alichosema kwenye #3.

Kuna kitu kimoja: chini ya ule mzunguko uliobanwa kuna mwingine dhaifu sana, unazunguka kinyume. Nimeogopa tena.

#28 MzeeWaGridi

Usiogope. Mzunguko wa juu ukirudi kushoto unaisugua hewa iliyolala chini yake, nayo inaburutwa kwenda kushoto. Kwa kuwa imefungiwa, lazima irudi kulia kwa chini. Ni gia mbili zinagusana. Mzunguko wa juu umegeuka kifuniko cha wa chini.

#29 KashaMraba

Basi nimeelewa. Pale kwenye mstari wa uvutano nimejiandikia maelezo pembeni: USIGUSE, MOTO UKO JUU.